Kusimamisha Pikipiki na Kuitunza Nyumbani

Zamani mwalimu wa dini alikwenda vigangoni kwa miguu au kwa baisikeli. Siku hizi pikipiki imefika hata vijijini mwetu. Yamchukua mgonjwa na katekista, na vijana wengi wapata riziki kwayo. Chombo ni chema. Lakini Amri ya Tano yatupasa kulinda uhai wetu na wa jirani, na nani aliye jirani wa karibu kuliko yeye aketiye nyuma ya dereva?

Wengi huogopa breki ya mbele, wakisema itawapindua. Basi hukanyaga ya nyuma tu. Hatari hiyo hutokea hasa mtu aikamatapo kwa ghafula. Jueni ya kuwa pikipiki ipunguzapo mwendo, uzito husogea mbele. Gurudumu la mbele hushikamana na barabara, na la nyuma huwa jepesi, huteleza upesi. Kwa hiyo katika barabara kavu na ngumu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Tumieni zote mbili pamoja. Ya mbele ishikwe taratibu, kama mtu akamuaye chungwa, kisha nguvu iongezwe. Gurudumu la mbele likianza kuteleza, achieni mara moja, mshike tena polepole. Punguzeni mwendo kabla ya kona, usukani ukiwa umenyoka. Penye mchanga au tope, pungueni tangu mbali, na ya mbele ishikwe kwa wepesi sana. Mteremkoni tieni gia ndogo, injini isaidie kuzuia; msizime injini ili kuokoa petroli, maana breki zikiachiwa kazi yote hupata moto na kulegea.

Fikirini hesabu hii. Kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa kila sekunde. Ikiwa breki zasimamisha pikipiki kwa mita 10 katika mwendo huo, basi katika kilomita 72 zitahitaji mita 40, wala si 20. Kwani mwendo ukizidi mara mbili, njia ya kusimama huzidi mara nne. Tena, kabla mkono haujashika breki, yaweza kupita sekunde nzima. Mtoto akitokea mita 50 mbele, mwendo wa kwanza utasimama kwa mita 20. Wa pili wataka mita 60. Mtoto huyo hana mita 10 za kuwakopesha.

Walakini, ujuzi haufai kitu kama chombo ni kibovu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila Jumamosi tengeni nusu saa. Kwanza, pimeni upepo wa tairi zikiwa baridi, kadiri ya kitabu cha pikipiki, mkatazame kama meno yake hayajaisha. Pili, safisheni mnyororo, mkaupake mafuta. Katika pikipiki nyingi ndogo wafaa kucheza sentimita 2 hadi 3 katikati ya upande wa chini. Mafuta yasiguse breki kamwe. Tatu, shikeni breki ya mbele kwa nguvu: mpini usifike kwenye mshikio. Breki za waya zikilegea, kazeni nati yake, kisha inueni gurudumu mlizungushe. Likikwama, mmekaza kupita kiasi. Penye breki za mafuta, tazameni kichupa chake. Yakipungua, huenda pedi zimelika au yavuja, basi mwiteni fundi. Sauti ya chuma kusaga chuma ni onyo, msiende safari. Mwisho, kazeni nati zote, mjaribu taa.

Akina mama nao wasikae kimya. Mume au mwana akitaka kuondoka na breki mbovu, mzuieni. Fedha ya waya mpya ni ndogo kuliko gharama ya mazishi. Tuwaombee madereva wetu, nao wazitunze breki zao, ili wafike salama na kurudi kwa watoto wao.