Damu Baada ya Kukoma Hedhi: Usisubiri, Fika Kituoni

Halmashauri inawakumbusha wanawake wa kata zote kuwa damu inayotoka ukeni baada ya hedhi kukosekana kwa miezi 12 mfululizo si hedhi iliyorejea. Hata ikiwa ni matone machache yasiyo na maumivu, inapaswa kuchunguzwa.

Sababu mojawapo ni kunenepa kupita kiasi kwa utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Homoni ya estrojeni huukuza utando huo. Projesteroni, inayotolewa baada ya yai kupevuka, huudhibiti. Estrojeni ikikosa mwenzake, utando huendelea kukua.

Walio katika hatari zaidi ni wanawake:

- wenye unene uliopitiliza, kwa kuwa mafuta ya mwili huzalisha estrojeni hata baada ya hedhi kukoma;
- wanaokaa miezi kadhaa bila hedhi kwa sababu yai halipevuki;
- wenye kisukari;
- wasiowahi kuzaa, walioanza hedhi mapema au waliochelewa kukoma;
- wanaotumia tamoksifeni kutibu saratani ya matiti, au dawa za estrojeni pekee. Hawa wasiache dawa bila ushauri wa daktari;
- ambao ndugu zao wa damu wamewahi kuugua saratani ya mfuko wa uzazi au ya utumbo mpana.

Kuwa na hali hizi si kuwa mgonjwa. Aidha, utando ulionenepa si lazima uwe saratani. Pale ambapo seli hazijabadilika, wanaopata saratani ndani ya miaka 20 ni chini ya 5 kati ya 100, na tiba huwa ni dawa za homoni. Seli zikiwa zimebadilika, hatari ni kubwa zaidi, na mara nyingi hushauriwa kuondoa kizazi kwa upasuaji.

Ieleweke kuwa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi haupimi utando huu. Aliyeambiwa yuko salama katika uchunguzi huo, akiona damu, arudi kituoni.

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ukiwa na orodha ya dawa unazotumia na tarehe ulizoona damu. Ikibidi, utapewa rufaa kwa ajili ya utrasaundi na kuchukuliwa kinyama cha kupimwa maabara. Wanaoendelea kupata hedhi nao wafike wakiona damu nyingi kuliko kawaida au inayotoka katikati ya mwezi.