Tuangalie waya kwanza, kisha musumeno

Katika njia za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kila mutu anaijua sauti ya musumeno wa umeme unaopasua mbao ngumu ya mulombwa. Kando ya barabara kuna vitanda, milango, makabati, na mara nyingi masanduku ya maiti pia. Vijana watatu ao wane wanafanya kazi chini ya manjanja. Prizi iko ndani ya nyumba, lakini musumeno uko inje. Katikati kuna waya moja ndefu, ralonji, inayopita dirishani, inashuka chini, inalala katika matope, na wateja wanaikanyaga bila kuiona.

Mama akimupeleka mutoto wake kwa fundi ili ajifunze useremala, anamuambia: "Mwanangu, uchunge vidole vyako." Anasema vizuri. Lakini meno ya musumeno yanaonekana na yanapiga kelele. Hata mujinga anayaogopa. Ralonji haisemi kitu. Ndiyo maana leo tunazungumza zaidi juu ya waya kuliko musumeno wenyewe.

Fizibli haikuchungi wewe

Vijana wengi wanawaza kama wakipigwa na kuran, fizibli itakatika na watapona. Hapana. Fizibli iliwekwa juu ya kuchunga waya isiungue. Haikuwekwa juu ya mutu.

Tufanye hesabu kidogo. Musumeno wa wati 1300 kwa volti 220 unakunywa karibu ampere 6. Basi fizibli ya ampere 10 inauacha ufanye kazi bila shida. Sasa, ampere 1 ni miliampere 1000. Umeme ukipita katika mwili wa mutu, kwa miliampere 10 hivi mikono inaweza kukazana juu ya chuma na isiachilie tena. Ndiyo maana watu wanasema "kuran inavuta". Haivuti, ni nyama za mukono wako mwenyewe zinazokaza. Kwa miliampere 30 na zaidi, pumzi inaweza kukwama, na moyo unaweza kuanza kutetemeka badala ya kusukuma damu. Fizibli ya ampere 10 inangojea kiasi kinachopita hicho mara zaidi ya 300. Wewe utakuwa umekwisha kufa, na musumeno ungali unazunguka.

Kitu kinachochunga mutu ni disjonkteri ya namna ingine, inaitwa diferansieli, ya miliampere 30. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Kama kiasi fulani hakirudi, maana yake kinapita pahali pengine, labda katika mwili wa mutu hadi udongoni, na palepale inakata. Ina kifungo kidogo cha kujaribu, chenye herufi T: ukikibonyeza na haikati, imekufa, ubadilishe. Lakini haiwezi kukuokoa ukishika waya mbili kwa mara moja, moja kila mukono, kwa sababu hapo umeme wote unarudi na yenyewe haioni kitu. Hata vile, katika atelieri ya barabarani hakuna pesa inayotumiwa vizuri kuliko hii.

Muguu wa tatu

Vyombo vingi vinaletwa kutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, na fishi yao ina miguu mitatu ya pembe ine. Prizi zetu ni za matundu mawili ya duara. Basi kijana anafanya nini? Anakata fishi kwa kisu, anachuna waya mbili, anaziingiza katika prizi na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Ya tatu, yenye rangi ya kijani na njano, anaikunja nyuma: "Hii haina kazi."

Hii ndiyo tere, waya ya udongo. Kama waya ya ndani imechunika na kugusa mwili wa chuma wa mashini, tere inaupeleka umeme chini na disjonkteri inakata. Bila tere, chuma chote kinabaki na volti 220, kimya, mpaka mutu akiguse. Lakini tere iliyo katika ralonji tu haitoshi kama prizi ya nyumba haina yake. Katika nyumba za zamani, zile za makampo pia, fundi wa umeme apime kwanza, wala asiamini rangi za waya.

Kuna mashini zingine zisizohitaji tere. Utazijua kwa alama ya pembe ine ndogo ndani ya pembe ine kubwa, kwenye kibao cha musumeno. Maana yake ni kwamba zimefunikwa mara mbili ndani. Lakini mashini kama hiyo ikipasuka mwili ao ikiloana, ile alama haisaidii tena.

Waya nyembamba

Watu wengi wananunua musumeno kwa bei kali, kisha wanatafuta ralonji ya bei ya chini kabisa. Ralonji ya metre 50 yenye waya za milimetre za mraba 0,75 ikibeba ampere 6 inapoteza karibu volti 14 njiani, na wati 80 hivi zinageuka kuwa joto. Ukiinyoosha yote, joto linatawanyika na huwezi kulisikia. Ukiiacha imezungushwa kama nyoka, ni kama kufunga balbu ndani ya blanketi: plastiki inalainika, waya zinakutana, na hapohapo chini kuna unga wa mbao unaongojea moto.

Tena, jioni, wakati kila parseli inapika, prizi yenyewe inatoa umeme dhaifu. Ukitoa tena zile volti 14, musumeno unakosa nguvu, unakwama katikati ya mbao, unaruka nyuma, ao mota inatoa moshi. Fundi analaumu mashini ya Wachina. Mara nyingi kosa ni la waya.

Mpaka metre 25, utafute 1,5. Ukipita hapo, 2,5. Waya nzuri ya kazi ya inje ina ngozi nyeusi ya mupira, na juu yake inaandikwa 3G2,5: maana yake waya tatu pamoja na tere, za milimetre za mraba 2,5. Uchune mwisho wake kidogo na ukwangue uzi kwa kisu. Kama chini ya rangi ya shaba kuna weupe, ni aluminiumu iliyopakwa. Sisi tunaokaa juu ya shaba ya Katanga, kuuziwa shaba ya kupaka tu ni kama kumuuzia muvuvi samaki wa udongo!

Wakati kuran inarudi

Hapa kuna desturi moja ambayo lazima tuiseme wazi. Kwa sababu meza ya kupasulia mbao ni ya bei, mafundi wengi wanachukua musumeno wa mukono, wanaugeuza juu chini, wanaukaza chini ya meza, meno yanatoka juu. Kifuniko cha meno wanakitoa. Kifungo cha kuwashia wanakifunga kwa kamba ya mupira ili kibakie kimeshikwa siku nzima. Kuwasha na kuzima kunafanywa kwa prizi tu.

Kisha SNEL inakata. Tunajua sote delestaji, inaweza kuwa dakika kumi ao siku mbili. Meno yanasimama. Hakuna anayekumbuka kuchomoa fishi, kwa sababu hakuna kelele tena. Mudogo anaambiwa apanguse meza, anapitisha mukono palepale kwenye meno. Ama anakaa kwenye meza na kula mihogo. Mara watoto wa kartiye wanapiga kelele za furaha: "Kuran iko!" Katika sekunde ileile musumeno unazunguka.

Kama kifungo kisingefungwa, musumeno ungebaki kimya mpaka mutu aubonyeze. Kamba ile ya mupira ndiyo inayokata mukono. Na hata pasipo kamba, umeme ukikatika, fishi itoke. Iwe sheria ya atelieri, kwa patro na kwa mwanafunzi. Vilevile fishi itoke kabla ya kubadilisha meno, kila mara.

Torati, katika Kumbukumbu 22:8, inamuagiza mutu anayejenga nyumba aweke ukuta mudogo pembeni ya dari, ili damu ya anayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Inasema na mwenye nyumba, haisemi na yule anayeanguka. Mwenye atelieri ajisomee mwenyewe. Na muzazi anayelipa pesa ya kujifunza ana haki ya kuingia na kuuliza: "Baba, diferansieli iko wapi? Kifuniko cha meno kiko wapi?" Fundi akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Siku za mvula

Kuanzia Oktoba ao Novemba matope yanafika mpaka chini ya meza. Muguu mutupu katika udongo uliolowa unamupa umeme njia nzuri kabisa, na jasho la mikono linazidisha. Viatu vya mupira, hata bote za shamba, vinasaidia kama ni vikavu na havina tundu. Ralonji itundikwe juu ya miti, na viungo vyake visikae chini hata kidogo. Kiungo cha kusokota na kufunga kwa mufuko wa plastiki si kiungo: ukate pale, uweke fishi na prizi za kweli. Na wakati wa kupasua, waya ipite juu ya bega, nyuma yako, ili meno yasiifuate. Mvula ikianza, kazi isimame, hata kama sanduku linangojewa na watu wa kilio.

Mutu akikamatwa na umeme, usimuguse. Kimbia kwenye prizi ao disjonkteri. Kama iko mbali, simama pakavu na umusukumie waya mbali kwa fimbo kavu. Waya kubwa za SNEL za njiani ni jambo lingine: hapo ukae mbali kabisa, hata fimbo hapana. Umeme ukiisha kukatwa, angalia kama anapumua. Kama hapumui, umulaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua, na usukume chini kwa nguvu, sentimetre 5 hivi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha, wakati mwingine anaita musaada. Kama mutu anakuambia umufunike na udongo ili "kuran itoke", ao umupe maziwa, usimusikilize. Umeme haubaki ndani ya mwili, na dakika zinapita. Akiamka na kusema hana kitu, apelekwe hospitali siku ileile hata vile, kwa sababu alama ndogo kwenye kidole inaweza kuficha nyama iliyoungua ndani, na moyo unaweza kuharibika mapigo baadaye, wakati kila mutu amekwisha kurudi kazini.