Mbwa Atapikaye Bila Sababu Kujulikana: Afanyiweje?

Mbwa akitapika mara moja, kisha akatikisa mkia na kuomba chakula kingine, huna sababu ya kukosa usingizi. Mbwa ni mnyama wa kuokotaokota. Hula majani, hutafuna mifupa, hupekua majalala, na maumbile yamempa tumbo jepesi la kurudisha kisichofaa. Shida yenyewe huanza pale ambapo mbwa mdogo, yule wa kilo 4 au 5 alalaye mlangoni na kuchezewa na watoto, anatapika leo, anapata nafuu kesho, anatapika tena keshokutwa, na hali hiyo ikaendelea wiki baada ya wiki. Choo chake mara ni laini kama uji, mara ni cha kawaida. Hupelekwa kwa daktari, akachomwa sindano, akachangamka siku 3, kisha mambo yakarudi palepale.

Hapo ndipo nyumba hugawanyika. Baba husema kwamba mshahara hauwezi kumalizikia kwa mbwa. Mama amechoka kupiga deki alfajiri kabla ya kwenda kazini. Watoto nao hufuta matapishi kwa siri ili rafiki yao asije akatupwa.

Makala haya yana neno moja la kukuambia: kutojulikana kwa ugonjwa si sababu ya kubahatisha dawa, wala si sababu ya kukata tamaa. Madaktari wa mifugo huyahesabu matatizo ya tumbo la mbwa kuwa sugu yanapozidi wiki 3. Baada ya muda huo, aghalabu kinachokosekana si dawa nyingine bali ni habari kamili. Na mwenye habari hizo ni wewe ukaaye naye usiku na mchana, si daktari amwonaye kwa dakika chache.

Yafaa pia kukumbuka kwamba udogo wa mwili ni hatari ya pekee. Mbwa wa kilo 5 akipoteza nusu kilo, amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake wote, sawa na mtu mzima wa kilo 70 kupoteza kilo 7. Mahitaji yake ya maji kwa siku ni kama robo lita tu, lakini akiyatapika hayo, hana akiba nyingine. Kwa hiyo yale ambayo mbwa mkubwa wa ulinzi angeyastahimili kwa siku kadhaa, huyu mdogo hayawezi.

ANATAPIKA AU ANACHEUA?

Jambo la kwanza la kutazama ni namna chakula kinavyotoka. Mbwa anayetapika kweli huanza kuhangaika, hutokwa na udenda, hulamba midomo, kisha tumbo lake hujikaza na kusukuma kwa nguvu. Kinachotoka kimekwisha kuanza kusagika, au ni maji ya manjano yenye nyongo.

Mbwa anayecheua hana purukushani hiyo. Huinamisha kichwa tu, na chakula kikateremka kizima, pengine kikiwa na umbo la bomba, kama mtoto mchanga anavyocheua maziwa. Tofauti hii ni kubwa mno. Kutapika hutoka tumboni au katika utumbo, au husababishwa na ugonjwa wa kiungo kingine. Kucheua huonyesha kwamba kasoro imo katika umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Uchunguzi wa hali hizi mbili haufanani, na daktari asiyeambiwa tofauti hiyo aweza kupoteza wiki nzima akitibu mahali pasipo na ugonjwa.

DAFTARI LA SHULE

Chukua daftari la kawaida la watoto wa shule, ulipige mistari. Andika tarehe na saa ya kula, alichokula, saa ya kutapika, rangi na hali ya matapishi, na choo chake siku hiyo. Kila Jumapili mpime uzito: simama juu ya mizani ukiwa umembeba, kisha simama peke yako, utoe hesabu.

Waambie watoto wasifiche kitu. Mficha maradhi kilio humfichua, na matapishi yaliyofutwa kwa siri ni ushahidi uliopotea. Badala yake, mmoja wao apewe kazi ya kuandika daftari. Ataifanya kwa moyo kuliko sisi wakubwa.

Baada ya siku 14 daftari hilo litaanza kusema. Huenda utaona kwamba mbwa hutapika alfajiri tu, povu la manjano, kabla hajala kitu. Mara nyingi huyo ni mbwa ambaye tumbo lake hukaa tupu muda mrefu mno, nyongo ikapanda na kulichoma. Dawa yake yaweza kuwa sahani ndogo ya chakula kabla watu hawajalala, na mlo wa siku kugawanywa mara 3 au 4. Huenda utaona kwamba kila Jumatatu ni siku mbaya, nawe ukakumbuka kwamba kila Jumapili wageni humpa mafuta ya nyama na ngozi za kuku. Mafuta mengi yaweza kuwasha kongosho, na aina kadhaa za mbwa wadogo huathirika upesi kwa jambo hilo.

TAZAMA SAHANI YAKE

Katika nyumba zetu nyingi mbwa hupewa kile ambacho watu wamekikataa: ugali wa juzi, unga uliopata ukungu, utumbo mbichi wa kuku, chai ya maziwa iliyobaki. Tuvitazame kimoja kimoja.

Unga wa mahindi yaliyoota ukungu waweza kuwa na sumukuvu, sumu ambayo huliharibu ini, na ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Nchini Kenya mwaka 2004 sumu hiyo katika mahindi iliwapata watu 317, na 125 kati yao walikufa. Ini la mbwa halina ngao ambayo letu halina. Unga usiomfaa mtoto wako haumfai mbwa wako pia.

Maziwa huwaharisha mbwa wengi wazima, kwa kuwa matumbo yao hayawezi kuisaga vyema sukari iliyomo. Vitunguu ni sumu kwa damu ya mbwa, vikiwa vibichi au vimepikwa, kwa hiyo mchuzi wa jana si zawadi. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, ikaumiza njia nzima ya chakula.

Utumbo mbichi wa kuku una hadithi yake. Katika nchi za joto, na Afrika Mashariki ikiwamo, yuko mnyoo aitwaye Spirocerca lupi. Watafiti waliandika habari zake katika mbwa wa Kenya mwaka 1977. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mbwa, yakaliwa na wale wadudu weusi wanaosukuma vidonge vya mavi. Kuku, mjusi au panya humla mdudu huyo, na mbwa naye humla kuku. Ndani ya mwili wa mbwa mnyoo husafiri kwa kufuata mishipa mikubwa ya damu hadi kwenye umio, akajenga uvimbe humo. Mbwa huanza kucheua, hukonda, na aghalabu dawa za kawaida za minyoo hazitoshi kumwondoa mnyoo huyo. Ikiwa mbwa wako hucheua, naye amezoea kula matumbo ya kuku au kuwinda mijusi, mtajie daktari jambo hilo bila kungoja kuulizwa.

Ikiwa hujaona kosa lolote katika sahani, shauriana na daktari juu ya kufanya jaribio la chakula. Chagua nyama ya aina moja ambayo mbwa hajaizoea, kwa mfano sungura au samaki asiye na miiba, pamoja na wali laini au viazi vya kuchemsha. Asipewe kitu kingine chochote, hata biskuti moja ya mtoto, kwa muda wa wiki 2 hadi 4. Wale ambao tumbo lao limekikataa chakula fulani huonyesha nafuu mapema, mara nyingi katika wiki 2 za mwanzo. Lakini chakula hicho cha majaribio hakina madini yote yatakiwayo na mwili, kwa hiyo kisifanywe cha maisha bila ushauri.

MARADHI YALIYOJIFICHA

Yako maradhi ambayo hutokea tumboni ilhali makao yake ni kwingine. Figo zinapochoka, mbwa hutapika. Ini likiumwa, hutapika. Yako pia maradhi ya tezi ndogo zilizo juu ya figo, yaitwayo ugonjwa wa Addison kwa jina la daktari wa Kiingereza aliyeyaeleza kwa wanadamu mwaka 1855. Mbwa mwenye ugonjwa huo hulegea, hutapika na kuhara, kisha hupata nafuu, kisha huugua tena, hasa baada ya misukosuko kama safari au kelele za sherehe. Akitiwa maji ya mishipani au kuchomwa sindano fulani huamka kana kwamba hakuwa na kitu. Kwa sababu ya kuigiza maradhi mengine, huweza kupita miezi mingi bila kutambuliwa.

Basi ikiwa hadithi ya mbwa wako ni ya kupona na kurudia, muulize daktari kwa adabu kama damu yake yaweza kupimwa chumvi, yaani sodiamu na potasiamu, pamoja na homoni ya kotiso. Ugonjwa huo ukijulikana, mbwa hupewa dawa za maisha, na aweza kuishi vizuri miaka mingi.

Kwa kawaida uchunguzi hupanda ngazi: kwanza kinyesi, kisha damu na mkojo, kisha picha ya eksirei au ya mawimbi ya sauti, na mwisho kukatwa kipande kidogo cha utumbo kwa ajili ya darubini. Si lazima upande ngazi zote kwa siku moja. Mwambie daktari ukweli wa mfuko wako mapema, ili mpange pamoja kipimo kipi kitangulie. Pale ambapo vifaa havipo, daktari aweza kukuelekeza hospitali kubwa zaidi, kama ile ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Neno la kusisitiza: usimpe mbwa vidonge vya maumivu vya binadamu. Ibuprofen na diclofenac huweza kutoboa tumbo la mbwa mdogo na kuziua figo zake. Wala usimnyweshe chumvi au mafuta ili “asafike”. Nia njema ya namna hiyo imewaua mbwa wengi ambao ugonjwa wenyewe haukuwaua.

YASIYONGOJA

Daftari lina mahali pake, lakini yako mambo yasiyongoja mstari wa pili. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo ukiona damu katika matapishi, au kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Akitapika hata maji. Tumbo likivimba naye akijaribu kutapika bila kutoa kitu. Ufizi ukiwa mweupe au unanata. Au ngozi ya shingo ikivutwa na kubaki imesimama. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa, anayetapika na kuhara damu, huenda ana parvo, kirusi kilichozuka mwaka 1978 na kuenea duniani kwa muda mfupi. Huyo hana siku ya kupoteza.

Tena sikiliza kwa makini. Mbwa anayetokwa na udenda mwingi, taya limelegea, hawezi kumeza, sauti na tabia zimebadilika, wengi hudhani amekwamwa na mfupa. Usimtie mkono kinywani. Hizo zaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa. Watoto wakae mbali, na daktari wa mifugo aitwe. Aliyeumwa au kulambwa penye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

KUISHI NA UGONJWA USIO NA JINA

Huenda baada ya yote hayo bado jina la ugonjwa lisipatikane. Hilo hutokea hata katika nchi zenye hospitali za fahari. Lakini ugonjwa usio na jina waweza kutunzwa. Chakula cha aina moja, kidogo kidogo, kwa saa zilezile. Maji safi wakati wote. Chanjo na dawa za minyoo kwa wakati. Mikono ioshwe kila baada ya kumshika au kufagia kinyesi chake, maana baadhi ya minyoo ya mbwa huweza kuwapata watoto wetu. Siku akitapika mara moja tu naye yu mchangamfu, lipumzishe tumbo lake kwa saa chache bila kumnyima maji, kisha mpe wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala mifupa, vijiko vichache kwa wakati. Usimshindishe na njaa siku nzima. Mwili mdogo hauna akiba.

Kipimo cha ushindi si kutotapika kabisa. Ikiwa alitapika mara 5 kwa wiki, sasa ni mara 1, na mizani ya Jumapili inapanda, mnashinda. Na ikiwa siku moja daktari atasema kwamba mateso yamezidi tiba, kumpumzisha kwa sindano mikononi mwake ni utu. Kumwacha barabarani, mgonjwa na mwenye njaa, si utu kwake wala kwa jirani ambaye mtoto wake atakutana naye.

Lakini wengi hawafiki huko. Wengi huhitaji sahani safi, saa zisizobadilika, daktari aliyeelezwa mambo yote, na nyumba iliyokubali kusaidiana. Anza leo jioni. Kalamu na daftari la shule havikosekani katika nyumba yenye watoto.