Kusoma Hali ya Hewa kwa Mbali, Kupima Mvua Hapa Hapa Mwala

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa kwetu Mwala methali hiyo tunaijua, lakini pia tunajua kwamba mawingu hutanda mchana kutwa, kisha yakaenda zao bila kutuachia hata tone. Ndiyo maana nimeamua kuandika juu ya elimu ya hali ya hewa, ambayo wataalamu huiita metorolojia, na jinsi mwanafunzi wa shule ya kutwa anavyoweza kuisoma hata kama mwalimu wake yuko mbali.

Kusoma kwa mbali ni kusoma pale ambapo mwalimu na mwanafunzi hawako katika chumba kimoja. Somo huja kwa barua, redio, televisheni ama simu. Si jambo geni nchini Kenya. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, taasisi ya kukuza mitaala, yaani KICD, ilipeleka masomo hewani kupitia redio ya KBC, na mengine katika televisheni na intaneti. Vipindi vya redio vilianza tarehe 23 Machi, na kumbe tarehe hiyo ndiyo Siku ya Hali ya Hewa Duniani! Wanafunzi wote walirudi shuleni Januari 2021, lakini njia hiyo ya kusoma haikufa. Hata leo mtu aweza kufuata somo la jiografia akiwa nyumbani, bora tu simu ya mama iwe na chaji na bando.

Sasa kuna swali. Kemia bila maabara ni taabu. Je, hali ya hewa itasomwaje bila vifaa? Jibu langu ni kwamba somo hili lafaa kusomwa kwa mbali kuliko mengi, kwa sababu maabara yake ni anga, na anga iko juu ya kila boma. Somo laweza kutoka Nairobi, lakini mvua ya Masii haiwezi kupimwa Nairobi. Hata mvua ya Masii si ya Wamunyu. Si mnajua wenyewe jinsi mvua hunyesha ng'ambo ya mto na huku kwetu vumbi linatimka?

Kutoka mbali tunajifunza sababu za mambo. Tunafundishwa kwamba pepo za kaskazini mashariki na zile za kusini mashariki hukutana karibu na ikweta, hewa ikapanda, ikapoa, na mvuke ukawa mvua. Mahali zinapokutana hulifuata jua, kaskazini na kusini. Kwa hiyo sisi hupata mvua mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Disemba. Hapa Ukambani mvua za mwisho wa mwaka ndizo za kutegemewa zaidi. Tunajifunza pia kwamba Bahari ya Hindi ikipata joto zaidi upande wetu wa magharibi, na El Niño ikiwa huko Pasifiki, mara nyingi mvua hizo huzidi. Ilikuwa hivyo mwaka 1997 na tena 2023. Mambo yakigeuka, ukame huja. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, sehemu nyingi kavu za Kenya zilipata mvua haba misimu mitano mfululizo.

Hayo ni ya mbali. Ya hapa tunayapata kwa kopo. Tafuta kopo ambalo kuta zake zimesimama wima, upana wa juu na wa chini ukiwa sawa. Lisimamishe imara mahali pa wazi, mdomo wake ukiwa kama sentimita 30 juu ya ardhi. Lisikae karibu na mti wala nyumba. Kama mti una mita 5, kaa nao mbali mita 10 au zaidi. Kila siku saa tatu asubuhi pima kina cha maji kwa rula, andika milimita na tarehe, kisha mwaga. Kama hakuna maji andika sufuri. Usiache nafasi tupu, kwa sababu sufuri nayo ni habari.

Pengine utauliza milimita moja ni nini. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja mraba ni lita moja ya maji. Chukua paa la mabati la mita 8 kwa 6, yaani mita 48 mraba. Mvua ya milimita 25 itaangusha juu yake lita 1,200, ambazo ni mitungi 60 ya lita 20. Hata mengine yakipotea, hebu fikiria safari ngapi za mtoni zimeokolewa!

Lakini kubwa zaidi ni mbegu. Nyumbani kwetu, kama kwa wengi wenu, mbegu ya mahindi na ndengu hununuliwa mara moja kwa msimu. Mvua ya kwanza inaweza kuwa ya kudanganya: inanyesha jioni moja, watu wanapanda, kisha jua linawaka wiki mbili na mbegu inafia mchangani. Wataalamu wengi huhesabu kwamba msimu umeanza zikinyesha kama milimita 20 kwa siku moja hadi tatu, bila kiangazi kirefu kufuata. Kopo litakuambia kama hizo 20 zimefika shambani kwenu. Kama kiangazi kitafuata au la, kopo halijui. Hapo sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, ambayo ina ofisi hadi kwenye kaunti. Utabiri si ahadi, lakini ukiunganishwa na kopo na maarifa ya wazee, ni bora kuliko kubahatisha.

Tena, wenzangu, mbali na hapa vinahitajiana. Wataalamu wana setilaiti, lakini hukosa vipimo vya ardhini kwa sababu vituo Afrika ni vichache. Mradi uitwao TAHMO huweka vituo vinavyojiendesha vyenyewe, vingi vikiwa katika shule, zikiwemo za Kenya. Lengo lake ni vituo 20,000 Afrika nzima. Wanafunzi hukitunza kituo na kutumia vipimo vyake darasani, na wanasayansi wa mbali huvitumia pia.

Sisi tusingoje mashine. Natoa pendekezo kwa shule yetu: tuwe na kopo moja, daftari moja na zamu. Shida ya shule ya kutwa ni Jumamosi, Jumapili na likizo, kwani sisi sote huenda nyumbani na mvua haina likizo. Basi wale wanaoishi karibu na lango wapewe zamu za siku hizo. Mvua ya leo isipopimwa leo, kesho haitapimika tena. Haba na haba hujaza kibaba, na daftari la miaka kumi litawafaa wadogo zetu watakapouliza: je, tupande sasa ama tungoje?