Kontena la Mtumba la Kukodisha: Kabla Hujanunua, Uliza Litakaa Wapi

Pita kando ya barabara yoyote kubwa siku hizi, huwezi kuyakosa. Kontena lililokuwa likivuka bahari na mizigo sasa ni kinyozi, duka la dawa, kibanda cha chipsi au hata chumba cha kulala. Na kama una akiba kidogo kwa simu au kwa chama, pengine wazo limeshakujia: mbona nisinunue moja, nilikodishe, nami niwe landilodi?

Wazo si baya. Huhitaji mamilioni ya kununua ploti na kujenga ghorofa. Lakini kuna swali moja ambalo watu huliruka wakikimbilia bei: kontena ni lako, sawa, lakini ardhi litakapokaa ni ya nani? Leo tupige hesabu pamoja, pole pole, na tuone kwa nini swali hilo ndilo litaamua kama pesa yako itarudi.

Hesabu ya biro na karatasi

Bei hutofautiana kulingana na mji na hali ya kontena, kwa hivyo hizi ni namba za mfano tu. Weka zako ukishauliza.

Tuseme umepata kontena la futi 20 kwa Sh220,000. Lori na kreni ya kulifikisha na kulishusha, Sh40,000. Fundi wa kukata dirisha na mlango, kupaka rangi na kuvuta stima, Sh60,000. Jumla, Sh320,000.

Sasa mapato. Mpangaji analipa Sh10,000 kwa mwezi, lakini tuhesabu miezi 11, kwa sababu hakuna nyumba isiyokaa bila mtu hata kidogo. Hiyo ni Sh110,000 kwa mwaka. Mwenye ploti anataka Sh3,000 kila mwezi, yaani Sh36,000 kwa mwaka, uwe na mpangaji au usiwe naye. Ongeza Sh8,000 ya marekebisho na vibali. Unabaki na Sh66,000 kwa mwaka.

Gawanya Sh320,000 kwa Sh66,000. Itakuchukua karibu miaka 5 kurudisha pesa yako, na faida ndiyo inaanza hapo.

Sasa jiulize: mwenye ploti amekuahidi miaka mingapi? Kama jibu ni “tulikubaliana tu kwa mdomo,” basi umeweka pesa ya miaka 5 juu ya ahadi ya mwezi mmoja. Akipandisha kodi ya ardhi hadi Sh5,000, unabaki na Sh42,000 kwa mwaka, na safari ya miaka 5 inakuwa zaidi ya 7. Akikuambia uhame, lori na kreni ni Sh40,000 nyingine. Hiyo ni faida ya zaidi ya miezi 7, imeenda kwa siku moja. Na mpangaji wako huenda asikufuate.

Marekani walishaliona hili

Kule Marekani kuna nyumba ndogo zinazotengenezwa kiwandani na kuvutwa kwa lori hadi kwenye uwanja wa kukodi. Zilizotumika huuzwa kwa bei nafuu kuliko nyumba za kawaida, na kuna watu huzinunua ili kuzikodisha. Huitwa nyumba za kuhamishika, lakini nyingi zikishashushwa hazihami tena, kwa sababu kuzihamisha hugharimu maelfu ya dola. Ndiyo maana mwenye uwanja akipandisha kodi, mwenye nyumba hana pa kukimbilia. Analipa, au anauza kwa hasara.

Pia umri una maana kule. Nyumba zilizotengenezwa kabla ya Juni 15, 1976, siku ambayo kanuni za serikali kuu za ujenzi wake zilianza kufanya kazi, hukataliwa na viwanja vingi. Unaweza kuinunua kwa bei ya kutupa kisha ukose pa kuiweka.

Kontena la hapa kwetu ni ndugu wa nyumba hiyo. Kitu kinachoweza kuhama si lazima kiwe rahisi kuhamisha. Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa tani 2 na zaidi. Hulibebi na mkokoteni.

Anza na ploti, kisha kontena

Ukipata mahali pazuri, fanya haya kabla ya kutoa hata shilingi:

Hakikisha anayekukodisha ndiye mwenye ardhi. Omba namba ya ploti na ufanye utafutaji rasmi katika ofisi ya ardhi au mtandaoni kwa maeneo yaliyo kwenye Ardhisasa. Keya-teka si mwenye ploti, hata kama ndiye mwenye funguo.

Hakikisha si eneo la hifadhi ya barabara. Pale kando ya lami panavutia kwa sababu wateja ni wengi, lakini barabara ikipanuliwa, tingatinga haliulizi risiti. Uliza pia ofisi ya kaunti kuhusu vibali unavyohitaji kuliweka kontena pale.

Andikeni mkataba. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, makubaliano ya kukodi ardhi kwa miaka 2 au chini yanaweza kuwa hata ya mdomo. Lakini tumeona hesabu yetu inahitaji karibu miaka 5. Mkataba wa muda huo uandikwe na wakili na usajiliwe. Uandikwe kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, notisi ya kuhama ni ya miezi mingapi, na kwamba kontena ni mali yako na una haki ya kuliondoa. Hicho kipengele cha mwisho usikiache.

Kama mwenye ploti anakataa kuandika chochote, tayari amekujibu. Tafuta kwingine.

Kukagua kontena lenyewe

Nenda uone kwa macho yako, mchana. Ingia ndani, mwambie mwenzako afunge milango, kisha tazama juu na pembeni. Popote utakapoona mwanga, hapo maji yatapita. Chungulia chini uone vyuma vinavyoshikilia sakafu, maana kutu ya ukutani hupakwa rangi, lakini kutu ya chini hugharimu.

Nusa na ukague sakafu. Sakafu nyingi za makontena ni plaiwudi iliyotiwa dawa ya kuzuia wadudu, na huwezi kujua ni mizigo gani iliyomwagikia pale. Kama mtu atalala au kupika ndani, ifunike vizuri au uibadilishe. Kumbuka pia chuma hushika joto, kwa hivyo dirisha pande mbili na paa la ziada juu si anasa.

Piga picha ya namba ya kontena, herufi 4 na tarakimu 7, na kibao cha chuma mlangoni kinachoonyesha lilitengenezwa lini. Namba hiyo iandikwe kwenye risiti ya mauzo. Uliza pia ushahidi kwamba ushuru wa forodha ulilipwa.

Kulipa bila kulia

Matangazo ya makontena ya bei ya chini mtandaoni ni mengi, na mengine ni picha tu. Mtu akikuambia “tuma kidogo nikushikilie, kuna mteja mwingine yuko njiani,” pumua kwanza. Usitume dipositi kwa kontena ambalo hujaliona.

Ukiridhika, lipa kwa awamu: sehemu ndogo mkishaandikiana, na kubwa likishafika kwenye ploti yako. Lipa kwa namba ya biashara, si namba ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa tofauti na la kwenye risiti, simamisha hapo hapo. Ujumbe wa malipo usiufute.

Likianza kuingiza kodi, fungua laini au namba ya malipo ya kando kwa kazi hiyo. Pesa ya kodi isichanganyike na pesa ya unga. Kama mmenunua kama chama, pesa iingie kwenye akaunti ambayo mtu mmoja hawezi kuitoa peke yake.

Na ushuru je? Ukilikodisha kama makao, na kodi zako zote za nyumba zikifika kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka, KRA hutoza asilimia 7.5 ya kodi unayopokea, kiwango kilichoanza Januari 2024. Duka haliko kwenye mpango huo. Mapato yake huingia kwenye ushuru wa kawaida wa mapato.

Je, ununue?

Ndiyo, kama hesabu yako inarudisha pesa kabla mkataba wa ardhi haujaisha, na kama umebakiza akiba ya kreni endapo utalazimika kuhama. La sivyo, acha pesa ikae kwenye akiba kwa sasa. Makontena yatakuwepo. Wiki hii, badala ya kutafuta kontena, tafuta ploti, muulize mwenyewe swali moja: “Utanipa miaka mingapi, kwa maandishi?” Jibu lake liandike juu ya karatasi yako ya hesabu, kabla ya bei yoyote.