Softiboksi kubwa: Pima chumba chako kabla ya kutoa fedha

Katika nyumba nyingi za mijini, ukutani mwa sebule, hapakosekani picha moja iliyopigwa studio. Yaweza kuwa ya arusi, ya mtoto aliyehitimu masomo, au ya babu na bibi walioketi vitini huku wajukuu wamewazunguka. Picha hiyo ikipigwa vizuri huishi kuliko waliomo ndani yake, na mara nyingi ndiyo inayotafutwa siku mzee anapofariki. Ikipigwa vibaya, mzee mwenye uso wa upole huonekana amekasirika, na mama mwenye ngozi nyororo huonekana anatokwa na jasho. Aghalabu lawama huangukia kamera, ilhali kosa limo katika taa.

Siku hizi, ambapo watu wengi wana simu zenye kamera, mwenye studio hana budi kumpa mteja kitu asichoweza kukipata nyumbani kwake. Kitu hicho ni nuru iliyopangwa. Ndiyo sababu wapiga picha wengi, wakishajikusanyia fedha kidogo, hufikiria kununua softiboksi kubwa. Wazo hilo ni jema. Lakini mtu akinunua kwa kufuata macho tu, anaweza kujikuta ametumia akiba yake kwa chombo kisichoenea chumbani mwake. Makala haya yanaeleza mambo ya kupima kabla ya kutoa fedha. Msomaji asiye mpiga picha naye atajua nini cha kutazama anapoipeleka familia yake studio.

KASHA LA NURU

Softiboksi ni kasha la kitambaa. Nje ni jeusi ili nuru isivuje. Ndani lina rangi ya fedha au nyeupe ili nuru irudishwe mbele. Na mdomoni limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Makasha mengi yana kitambaa cha pili ndani, kati ya taa na kile cha mbele. Fito nyembamba hulitanua, na pete ya chuma iliyo nyuma hulishikiza kwenye taa. Taa yenyewe yaweza kuwa flashi ya studio, au taa ya LED inayowaka muda wote. Kazi ya kasha ni moja tu: kuichukua nuru itokayo mahali padogo na kuitandaza juu ya eneo pana.

Faida ya kuitandaza nuru inaonekana hata barabarani. Saa saba mchana, jua likiwa kali, kivuli cha mtu huwa na ukingo uliokatwa kama kwa mkasi. Wingu likitanda, kivuli hicho hufifia hata kisionekane. Jua ni lile lile, lakini kwetu sisi ni duara dogo angani, na wingu limeligeuza anga zima kuwa taa. Kasha la nuru ndilo wingu la studio.

UKUBWA HUENDA NA UMBALI

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ulaini wa nuru hautokani na ukubwa wa kasha peke yake, bali na ukubwa huo ukilinganishwa na umbali wa kasha kutoka kwa anayepigwa picha. Kasha la sentimita 60 lililo mita 1 kutoka usoni hulainisha kivuli sawa na kasha la sentimita 120 lililo mita 2. Kasha la sentimita 150 likisukumwa hadi mita 5 halina tofauti na la sentimita 30 lililo mita 1. Basi aliyenunua kasha kubwa akaliegemeza mwisho wa chumba, amelipia kubwa na kupata dogo.

Kanuni nyepesi ya kuanzia ni kuliweka kasha mbali na uso kwa kiasi cha urefu wake wa pembe hadi pembe. Kasha la sentimita 80 kwa 120 lina sentimita 144 kutoka pembe moja hadi ile inayoikabili. Kwa hiyo lianze kama mita 1 na nusu kutoka usoni, kisha lisogezwe kidogo kidogo huku mpiga picha akikitazama kivuli cha pua. Kwa picha ya mtu mmoja, kuanzia kifuani hadi kichwani, kasha la kiasi hicho latosha kabisa.

Je, kasha la sentimita 150 ni la nani? Ni la mwenye studio anayetembelewa na familia. Nuru hupungua upesi kadiri inavyosafiri: umbali ukizidishwa mara 2, hubaki kama robo tu, ukizidishwa mara 3, hubaki sehemu 1 ya 9. Tuseme familia imesimama katika safu, na kasha liko ubavuni, mita 1 kutoka kwa baba na mita 3 kutoka kwa mtoto wa mwisho. Baba atang'aa kupita kiasi, na mtoto atazama gizani. Dawa yake ni kulirudisha kasha nyuma. Likiwa mita 3 kutoka kwa baba na mita 5 kutoka kwa mtoto, mtoto atapata zaidi ya theluthi ya nuru anayoipata baba. Na likisogezwa karibu na kamera, mbele ya safu nzima, tofauti itapungua zaidi.

Lakini kila kasha linaporudishwa nyuma, nuru yake huwa kali. Kasha dogo likifikishwa mita 3 huwa kama taa tupu. La sentimita 150 likiwa hapo bado ni sawa na la sentimita 50 lililo mita 1; si laini sana, lakini lavumilika. Kwa ufupi, kasha kubwa hununuliwa ili liweze kusogezwa nyuma bila kuuharibu uso wa mtu. Ambaye wateja wake wote ni mmoja mmoja hana haja nalo.

NURU NA NGOZI YETU

Ngozi nyeusi hunyonya sehemu kubwa ya nuru, na umbo la uso huonekana zaidi kwa mng'ao unaorudi kutoka kwenye paji, mifupa ya mashavu na ncha ya pua. Taa ndogo huufanya mng'ao huo kuwa mdogo na mkali, ndiyo maana mtu huonekana anatokwa na jasho hata katika chumba chenye ubaridi. Nuru ile ile ikipitia kwenye kasha kubwa, mng'ao hutanda na kupoa, na uso hupata mviringo wake. Kumpaka mteja poda mpaka afanane na majivu si dawa, wala kuongeza taa mpaka ngozi ipoteze rangi yake.

Jambo hili lina historia yake. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, maabara za kusafishia picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na ngozi nyingine zote zilifuata hapo. Kadi za Kodak zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kamera za leo zina uwezo mkubwa zaidi, lakini uamuzi wa nuru ungali mikononi mwa mpiga picha.

CHUMBA KIPIMWE

Kabla ya kwenda dukani, chukua futi ya fundi upime dari. Nuru ya picha ya uso hutoka juu kidogo ya macho. Kwa mtu aliyesimama, kitovu cha kasha huinuliwa hadi kama mita 2 kutoka sakafuni. Ikiwa kasha ni la sentimita 150, ukingo wake wa juu utafika mita 2 na sentimita 75, na katika vyumba vingi vya kupanga utagota dari. Mwenye chumba kifupi ana njia mbili: kumketisha mteja kwenye kigoda, ili kitovu kishuke hadi mita 1 na sentimita 70, au kununua kasha la sentimita 120.

Pima pia urefu wa chumba. Mtu asimame kama mita 1 na nusu mbele ya pazia ili kivuli chake kisilifikie, na mpiga picha apate mita 2 hadi 3 za kurudi nyuma. Rangi ya kuta nayo isisahaulike. Katika chumba kidogo nuru ya kasha kubwa hugonga kila ukuta na kurudi; ukuta wa kijani utamrudishia bibi arusi ukijani katika shela lake. Kuta na ziwe nyeupe au kijivu, na liwepo pazia jeusi la kuzuia nuru inapohitajika.

TAA NA STENDI

Vitambaa viwili vya kasha vyaweza kula zaidi ya nusu ya nuru. Kwa hiyo taa dhaifu ndani ya kasha kubwa ni hasara. Kwa mtu mmoja, flashi ya wati-sekunde 200 yaweza kutosha. Kwa kundi, ni afadhali 400 au zaidi. Mwenye taa za zamani za halojeni asizitie katika kasha la kawaida, maana joto lake laweza kuunguza kitambaa.

Kasha kubwa ni kama tanga la jahazi. Feni ikilipulizia, au mtoto akikanyaga waya, stendi nyepesi itaanguka, na yumkini itamwangukia huyo huyo mtoto. Nunua stendi yenye miguu mipana, na uweke mfuko wa mchanga juu ya mguu mmoja. Mfuko huo waweza kushonwa na fundi cherehani yeyote wa mtaani.

Kuhusu umbo, kasha la pembe nane huacha nukta ya karibu duara katika mboni za macho, na la mstatili huacha alama kama ya dirisha. Kwa familia, umbo lolote kati ya hayo lafaa. Makasha membamba, kama ya sentimita 30 kwa 120, ni ya kuangaza ukingo wa nywele na mabega. Si ya kununua kwanza.

UKIWA DUKANI

Likunjue kasha na kulikunja mwenyewe, kwani lile linalohitaji watu watatu litaishia uvunguni. Kagua mishono ya pembeni panapoingia fito. Hakikisha pete yake inaingia kwenye taa uliyo nayo. Ya mtindo wa Bowens hupatikana kwa wingi, lakini si kila taa huipokea. Mwisho, liwashe na ulipige picha lenyewe kwa kupunguza nuru ya kamera. Katikati pakiwaka na kingo zikibaki giza, basi unauziwa sentimita 150 zinazofanya kazi ya sentimita 80.

ASIYE NA FEDHA

Kukosa kasha si kukosa nuru laini. Seydou Keïta, aliyefungua studio mjini Bamako, Mali, mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa nuru ya mchana, na leo picha hizo zinahifadhiwa katika makumbusho makubwa duniani. Dirisha pana lisilopigwa na jua ni kasha la bure. Kwa mji kama Dar es Salaam, ulio kusini ya ikweta, dirisha linalotazama kusini halipigwi na jua kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba.

Pia fremu ya mbao ya mita 1 na nusu kila upande, iliyowambwa bafta nyeupe na kuwekwa mbele ya taa ya LED, hufanya kazi ile ile. Iwe bafta na si marekani, kwani marekani ina umanjano utakaoingia katika ngozi na nguo.

Nawe mteja, ukiingia studio usitazame tu mandhari ya maua na ngazi zilizochorwa ukutani. Tazama taa ilipo. Iwapo mzee wako ameketi na taa iko mbali kule pembeni, mwombe kijana wa studio kwa heshima aisogeze. Itamchukua dakika moja, na picha itakaa ukutani kwenu miaka mingi.