Kemikali Zilizomo Katika Kiberiti

Usalama wa kiberiti cha kisasa unatokana na kutenganishwa kwa kemikali mbili ambazo zikisuguliwa pamoja huwaka papo hapo: potasiamu klorati, yaani chumvi inayotoa oksijeni kwa wingi inapopata joto, huwekwa kwenye kichwa cha njiti pamoja na salfa, gundi na unga wa glasi, ilhali fosforasi nyekundu hupakwa ubavuni mwa kisanduku. Njiti inapokwaruzwa, joto la msuguano hugeuza chembe ndogo za fosforasi hiyo kuwa fosforasi nyeupe, nazo hushika moto mara moja na kukiwasha kichwa. Kijiti chenyewe huchovywa kwanza katika amoniamu fosfeti, ili kisibaki na kaa baada ya kuzimwa, kisha ncha yake hutiwa nta ya parafini inayopokea mwako.

Mpangilio huo, ambao Gustaf Erik Pasch wa Uswidi aliupatia hataza mwaka 1844, ulikuwa ukombozi wa kweli, kwani fosforasi nyeupe ya viberiti vya awali iliozesha mataya ya wafanyakazi wa viwandani, wakiwamo wanawake na watoto wengi. Hata hivyo, ni mwaka 1906, katika Mkataba wa Bern, ndipo mataifa kadhaa yalipokubaliana kuipiga marufuku, na ucheleweshaji huo hauna udhuru.